Refa wa Kuziba Pengo

Vyumba vyetu vinatazamana. Mimi napiga picha za eksirei, yeye anafunga plasta, na katikati yetu kuna korido yenye benchi moja la mbao ambapo wagonjwa husubiri kuingia kwangu kwanza, kisha kwake. Ndiyo maana aliniita Jirani tangu wiki yangu ya kwanza kazini. Sisi wote tulimwita Plasta, hata daktari mkuu. Alikuwa na mikono mipana, sauti ya chini, na hakuwa na tabia ya kumdanganya mgonjwa. "Nikiuvuta mfupa utaumia sana," alikuwa akisema, "halafu utaumia kidogo. Tuanze na sana."

Mwisho wa wiki alikuwa refa. Si refa wa kuonekana kwenye televisheni. Alichezesha ligi za mitaa na mashindano ya viwanda, kwenye viwanja ambavyo mistari huchorwa kwa chokaa na kufutika kabla ya mapumziko. Alifanya hivyo miaka kumi na saba. Mara tatu alifanya mtihani wa mbio ili apande ligi kuu, na mara zote tatu goti la kushoto likamwangusha. Aliyepanda ni shemeji yake, mume wa dada yake mdogo, mtu ambaye Plasta mwenyewe ndiye aliyemfundisha jinsi ya kupuliza filimbi na wapi pa kusimama kona inapopigwa. Plasta hakuwahi kusema neno baya juu ya hilo. Ila mechi ya shemeji ikionyeshwa pale korido, alisimama mbele ya televisheni amekunja mikono, na ungemwona midomo ikitoa uamuzi kabla ya shemeji kuutoa.

Jumatatu moja asubuhi shemeji huyo aliletwa kwetu. Jana yake mashabiki waling'oa kiti cha chuma jukwaani wakamrushia alipokuwa anaingia vyumba vya kubadilishia nguo. Alikinga kichwa kwa mkono wa kulia, na mifupa yote miwili chini ya kiwiko ikavunjika. Nilimpiga picha. Plasta akaupanga mkono huku shemeji ameuma kona ya mto, jasho likimtoka kama aliyemwagiwa maji. Kazi ilipokwisha, shemeji alikaa akiitazama plasta ikikauka.

"Mimi ni wa nne msimu huu," alisema. "Mmoja walimtoboa jicho. Mmoja mbavu. Mmoja mpaka leo akiongea humwelewi. Sasa basi. Hatushiki filimbi tena mpaka watuwekee uzio wa maana na askari wa kutosha."

"Mna haki," Plasta alimjibu, akinawa mikono.

Wiki hiyo hiyo waamuzi wote wa ligi kuu wakagoma. Viongozi wa ligi hawakusimamisha mechi hata moja. Walitafuta marefa wa kuziba pengo, watu wa ligi za chini, wastaafu, yeyote mwenye cheti. Magazeti yakawapachika jina la viraka. Jumanne Plasta alipigiwa simu akiwa anamfunga mama mmoja aliyevunjika kifundo cha mguu. Aliibana simu kati ya sikio na bega, akasema "ndiyo" mara mbili na "asante" mara moja, akaendelea kuzungusha bandeji. Mgonjwa alipotoka, akaja mlangoni kwangu.

"Jirani, Jumamosi nachezesha ligi kuu."

"Na shemeji yako?"

"Shemeji amechezesha miaka tisa. Mimi naomba mechi moja tu."

Sikumpinga. Nilimwona uso ulivyomng'aa, mtu wa miaka arobaini na minne.

Dada yake alikuja Alhamisi. Hakupiga hodi. Alimkuta kaka yake anachovya bandeji kwenye ndoo ya maji, mimi nimesimama pembeni na picha mkononi.

"Nimeambiwa unachezesha, nikakataa," alisema. "Nikasema kaka yangu hawezi. Niambie nilisema kweli."

"Nisipoenda mimi ataenda mwingine."

"Aende huyo mwingine. Mume wangu hawezi kufunga vifungo vya shati lake, namfunga mimi kama mtoto. Na wewe ule mfupa uliushika kwa mikono yako, kaka. Uliushika."

Dada mtu akainyanyua ile ndoo akammwagia yote kifuani, maji yenye unga mweupe, kisha akaitupa ndoo ukutani ikapasuka. Aliondoka bila kufunga mlango. Plasta alichukua kitambaa akaanza kupangusa sakafu, kwa sababu mgonjwa mwenye magongo alikuwa anakuja.

Ijumaa jioni, tulipotoka kazini, wagomaji watatu walikuwa wanamsubiri kando ya lango, na shemeji nyuma yao. Mmoja, mrefu aliyewahi kuwa bondia, alimuuliza kama ni kweli. Plasta akasema ni kweli. Ngumi ya kwanza ilimpata sikioni. Alianguka magoti kwenye changarawe, na yule bondia akampiga teke la ubavu, mara moja, mara mbili, mara tatu. Hapo ndipo shemeji aliposema, "Inatosha." Wakaondoka. Nilimshika Plasta mkono nikamwinua.

"Umemsikia?" aliniuliza, akitema mate yenye damu. "Alingoja mpaka la tatu."

Mechi yenyewe ilikuwa ya kufa kupona. Wenyeji wakifungwa, wanashuka daraja. Nilikata tiketi ya jukwaa la chini, karibu na kona, nyuma ya uzio wa mabomba ambao mtu yeyote mwenye miguu angeuruka. Wagomaji walikuwa nje ya geti na mabango yao. Askari niliowaona ndani hawakuzidi kumi, na watatu kati yao walikuwa wamevaa skafu za timu.

Plasta alitoka na wasaidizi wake wawili. Mmoja ni mwalimu wa udereva, mwingine karani wa ghala. Jezi ilimbana tumboni. Watu walicheka, wakaanza kuimba kiraka, kiraka, na yeye akaangalia saa yake kama vile hajasikia.

Dakika ya tatu nahodha wa wenyeji aliruka na mshambuliaji wa wageni kugombea mpira wa kichwa, akamchapa kiwiko cha pua makusudi kabisa. Damu ikaruka. Kwenye ligi za mitaa Plasta angetoa kadi nyekundu kabla yule hajagusa chini. Pale nilimwona mkono ukienda mfuko wa nyuma, ukasita, ukarudi mfuko wa kifua. Njano. Wachezaji wote ishirini na wawili wakaelewa wako na mtu wa namna gani. Tangu hapo haukuwa mpira tena. Waliingiliana kwa njumu za magoti. Kiungo mmoja alivutwa jezi mpaka ikachanika, akageuka akampiga mwenzake kichwa. Winga wa wageni alikanyagwa mkono akiwa chini, nikauona ukipinda pasipopinda. Plasta alikuwa anakimbia huku na huku na goti lake bovu, anapuliza, anaandika, anachelewa.

Yaliyotokea wakati wa mapumziko alinisimulia baadaye. Aliingia chumba cha waamuzi akamkuta mtu wa ulinzi wa timu ya wenyeji, jitu wanaloliita Tofali, amekaa juu ya meza. Wasaidizi wake walitolewa nje, mlango ukafungwa. Tofali alimkamata koo kwa mkono mmoja akambana ukutani mpaka visigino vikanyanyuka sakafuni.

"Zimebaki dakika arobaini na tano," alimwambia taratibu. "Ukizichezesha vizuri, utarudi nyumbani."

Alipomwachia, Plasta alikohoa mpaka akatapika kwenye sinki. Akanawa uso. Akatoka. Niliwahi kumuuliza kwa nini hakuivunja mechi pale pale. Alisema, "Nilikuwa na hasira, Jirani. Uoga ungenisaidia zaidi."

Kipindi cha pili alikuwa refa mwingine. Dakika ya hamsini alimtoa yule nahodha kwa nyekundu. Alimnyima mshambuliaji wa wenyeji penalti ya kujiangusha. Kila alipoamua alikuwa sawa, na kila uamuzi ulikuwa kama kumwaga petroli kwenye moto. Chupa zilianza kuja, kisha mawe, kisha betri za redio. Moja ilimpasua juu ya jicho. Akafunga kitambaa, akaendelea.

Dakika ya themanini na saba wageni walikimbia na mpira, mabeki wa wenyeji wakasimama wakinyoosha mikono kudai ameotea. Mwalimu wa udereva hakunyanyua kibendera. Mfungaji akampita kipa. Mpira ukalala wavuni. Plasta akaonyesha katikati.

Uzio wa mbele yangu ukalia kama bati linalokunjwa, watu wakamiminika. Wachezaji wa wageni walitimua mbio kuelekea vyumbani, na wasaidizi wote wawili pamoja nao. Plasta alikuwa mbali upande ule mwingine. Alianza kukimbia, akaona njia imeziba, akageuka akarudi nyuma nyuma mpaka kwenye kona yetu. Tulikuwa mita tano, mimi na yeye. Aling'oa mlingoti wa kibendera cha kona akaushika kwa mikono miwili.

Wa kwanza kumfikia alikuwa shabiki kifua wazi; Plasta akamchapa wa bega, shabiki akaanguka. Wa pili Plasta alimchoma tumboni kwa ncha ya mlingoti. Nyuma yao akaja beki wa kushoto wa wenyeji, bado na jezi, anakimbia kwa nguvu zake zote huku amenyoosha mikono mbele. Plasta alimzungushia mlingoti kama mtu anayekata mti. Ulimpata mdomoni. Nilisikia taya likivunjika, na kwa kazi yangu sikosei sauti hiyo. Yule beki alikaa chini polepole, meno yakidondoka kwenye viganja vyake.

Kisha wakamzidi. Walimwangusha kwa kumvuta jezi, wakampiga mateke ya kichwa, mgongo, popote. Tofali alikuja akiwa hana haraka, ameshika bomba la chuma la uzio. Aliwasogeza watu kando kama anayepita sokoni. Akauweka mguu wa Plasta sawa kwa kiatu chake, akaupiga ugoko. Mara ya kwanza mfupa ulilia. Mara ya pili haukulia, na mguu ukalala upande ambao mguu haulali. Plasta hakupiga kelele. Alitoa sauti ndogo kama mtu aliyesahau jambo.

Na mimi nilikuwa nimeshika uzio. Sitajipamba hapa. Watu walinipita kushoto na kulia, mikono yangu ikagoma kuuachia. Nilitazama tu.

Aliyeingia ni shemeji. Wagomaji walisikia kelele wakiwa nje ya geti, wakajua mara moja ni kelele za nini. Alipitia lango la kuingilia gari la wagonjwa na yule bondia wa Ijumaa, na wengine sita au saba. Bondia alimvaa Tofali shingoni. Shemeji hakupigana na mtu. Alijilaza juu ya Plasta mwili mzima, akamfunika kichwa kwa ule mkono wenye plasta, na mapigo yaliyokuwa yanamwendea Plasta yakamwendea yeye. Plasta ya mkono ilipasuka vipande. Walipofika askari, ilibidi wamnyanyue kwa nguvu, alikuwa amekakamaa.

Plasta nilimpiga picha mimi mwenyewe, saa moja baadaye. Mfupa wa ugoko ulikuwa vipande vitatu. Mbavu nne. Mfupa wa shavu. Kijana aliyekuwa zamu ya plasta alikuwa mgeni wa kazi, na Plasta akiwa amelala pale, jicho moja limefumba kabisa, akawa anamwelekeza: pamba zaidi kwenye kisigino, usibane hapo, lainisha kwa kiganja, usitumie vidole. Dada yake alifika na kukaa kwenye lile benchi la korido. Upande mmoja mume, chumbani kwangu, upande mwingine kaka, chumba cha plasta. Aliomba maji tu.

Yule beki wa kushoto alilazwa wodi hiyo hiyo, vitanda viwili kutoka kwa Plasta, taya limefungwa kwa waya. Hakuweza kuongea, alikuwa anaandika kwenye daftari. Siku ya tatu nilikwenda kumchukua kwa picha ya pili, akanipa daftari nisome. Aliandika: "Nani alinipiga? Sikumwona. Nilikuwa nakimbia kumtoa refa, walikuwa wanamuua."

Nilimrudishia daftari nikasema sijui. Nilipogeuka, Plasta alikuwa ananitazama.

"Ameandika nini?"

Ningeweza kudanganya. Nilimwambia. Alifumba lile jicho moja zima, akageuza uso ukutani, na chakula cha siku ile na cha kesho yake kilirudi jikoni kama kilivyokuja.

Mgomo uliisha baada ya siku tisa. Viongozi wa ligi walisaini kila kitu: uzio, askari, njia ya chini ya kutokea, matibabu. Picha ya Plasta akiwa chini ya miguu ya watu ilibandikwa kila mahali, na waamuzi wa ligi kuu waliokuwa wakimwita msaliti walianza kumwita shujaa. Walikuja wodini na maua. Bondia alimwomba radhi kwa ile ngumi na yale mateke. Plasta alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa," basi.

Kamati ya nidhamu ilikaa miezi miwili baadaye, kwenye ukumbi wenye meza ndefu na mapangaboi mawili darini, moja limekufa. Plasta alikwenda na magongo, shemeji amekaa kulia kwake, mimi nyuma kama shahidi. Alimtambua Tofali bila kusita. Nahodha alitajwa, mashabiki wakatajwa. Kisha mwenyekiti akasoma kwamba taya la beki wa kushoto lilivunjwa na mtu au watu wasiojulikana katika vurugu. Beki alikuwa pale, safu ya mbele, mdomo umeingia ndani kama wa mzee.

"Mheshimiwa," Plasta alisema, "huyo nilimpiga mimi."

Shemeji alimshika mkono wa shati. "Nyamaza," alimnong'oneza. "Hakuna anayekuuliza."

Plasta aliutoa ule mkono taratibu. Alisimama kwa magongo yake akaeleza: mlingoti, jezi aliyoiona, mikono iliyonyooshwa, alivyopiga. "Alikuwa anakuja kuniokoa. Mimi niliona jezi tu. Sikumwangalia usoni." Mwenyekiti alimuuliza kama alikuwa anajihami. Alisema alikuwa anajihami kwa wale wawili wa kwanza. "Kwa huyu nilikuwa nataka kuumiza mtu. Angekuja yeyote."

Na mimi nilisimama nikasema nilikuwa mita tano na niliona, na nimekaa kimya miezi miwili. Walimfungia Plasta kuchezesha mpira maisha. Tofali alipelekwa mahakamani, akafungwa miaka sita.

Beki alikuwa anatusubiri nje kwenye ngazi. Waya ulikuwa umeshatolewa, lakini maneno yalimtoka kwa shida, yakipuliza upepo penye pengo la meno.

"Ulikuwa vitanda viwili," alimwambia Plasta. "Wiki tatu. Ulinipa salamu kila asubuhi."

"Ndiyo."

"Kila asubuhi, mzee."

"Sikuwa na ujasiri," Plasta alisema.

Beki alimpiga. Ngumi moja, ya mdomo, yenye uzito wote wa mwili. Magongo yaliruka, Plasta akaanguka kwenye ngazi kwa mgongo. Shemeji alimrukia beki, akamkaba kwa mkono wake mzima, na Plasta akawa anasema pale chini, damu ikimchuruzika kidevuni, "Mwache, shemeji. Mwache aende." Beki alijitoa. Alisimama kidogo akikunja na kukunjua vidole vyake, nikadhani ataongeza. Kisha alishuka ngazi akaenda zake bila kutazama nyuma. Mimi niliokota magongo.

Plasta alirudi kazini baada ya miezi mitano. Mguu ulipona ukiwa mfupi kidogo, kwa hiyo alitengeneza kibao cha kukanyagia pale kwenye meza yake. Dada yake alianza tena kumtembelea. Mwanzoni alikaa dakika tano tu, baadaye akaanza kubaki kula. Plasta na shemeji hawakuzungumza mambo ya mpira, wala teke la tatu. Shemeji alipoulizwa na watu kwa nini aliingia uwanjani siku ile, alijibu kwamba mke wake angemuuliza.

Msimu uliofuata yule beki alisajiliwa na timu nyingine, ya daraja la chini. Niliusoma usajili huo kwenye gazeti nikampelekea Plasta. Alisoma mistari ile miwili mara kadhaa. Aliniuliza kama wameandika anacheza namba ngapi, nikamwambia hawakuandika. Akanirudishia gazeti, akavaa aproni, akaniambia nimletee mgonjwa wa kwanza.